Sauti za Baada ya Kuoga

Gharama ya mambo haya yote ni picha mia nne na kumi za machungwa. Nimezihesabu mara mbili. Zilikuwa zinatafuta pa kukaa ndani ya simu yangu, na ili zipate pa kukaa nilifuta sauti ya jirani yangu, kidogo kidogo, kila Ijumaa, kwa miaka mitatu. Sikuibiwa wala sikulazimishwa. Nilikaa kizingitini na kikombe cha chai, nikabonyeza mwenyewe.

Jirani huyo ni fundi redio wa hapa Ngamiani, Tanga. Jina analo, ila hakuna anayelitumia. Mafundi mtaani ni wengi, wa baiskeli, wa cherehani, wa bomba, na kila mmoja huongezewa neno la kazi yake ili asichanganywe na mwenziwe. Yeye ni Fundi tu, na ukisema Fundi hata mgeni aliyeshuka jana kutoka Lushoto anakuonyesha mlango.

Mimi nauza machungwa. Nayanunua Muheza kwa magunia na kuyapeleka kwa watu wa mbali, na watu wa mbali siku hizi hawatoi neno la ndiyo mpaka waone picha. Machungwa nayahesabu matano matano, mkono huu mawili, huu matatu, na kila yakitimia mia natenga moja pembeni liwe shahidi. Nikimaliza narudia kuhesabu, kwa sababu shahidi naye anaweza kuliwa. Kwa tabia hiyohiyo kila gunia nilikuwa nalipiga picha mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Kwa hiyo nusu ya picha zile mia nne na kumi hazikuwa na kazi yoyote. Hilo nimeliwaza juzi tu.

Nyumba yangu na ya Fundi zinachangia ukuta wa uani, na upande wake wa ukuta ndiko liliko bafu lake, kuta tatu za matofali na ya nne ya bati. Yeye ni mtu wa swala tano, na wenye dini yao hawapendi mtu aongee chooni. Kwa hiyo alijenga bafu mbali na choo, kila kimoja na mlango wake, ili angalau apate kufikiri kwa amani; kuongea, alisema, atangoja atoke. Mawazo yake yote yalimjia humo, kwenye kata ya maji ya tatu au ya nne. Nilikuwa nasikia maji yanamwagika, yanamwagika, halafu kimya. Kimya kile ndicho wazo lenyewe. Kisha kata moja ya haraka ya kusuuza sabuni, na mlango.

Kati ya mlango wa bafu na mahali atakapolisema wazo lake ilikuwa marufuku kumsemesha. Hata shikamoo ilingoja. Mgeni mmoja wa Korogwe, hajui hili wala lile, alimwamkia uani kwa adabu zake zote. Fundi akasimama na kikoi chake, maji yanamchuruzika, akamtazama kama mtu aliyekanyagiwa mayai.

"Marahaba," akamwambia. "Lilikuwa zuri, na umeliua."

Akarudi bafuni kuoga tena, labda litarudi. Halikurudi, na mgeni aliondoka na basi la mchana badala ya kulala.

Zamani msikilizaji alikuwa mkewe. Yule mama alikaa juu ya mbuzi yake akikuna nazi, na hakuacha kukuna hata wazo liwe zito vipi. Jibu lake lilikuwa moja: haya, nimesikia. Alipofariki, Fundi akawa anawaambia kuku. Niliwasikia wakijibu, na nadhani nao walijibu vizuri. Kisha akapata simu janja, mimi ndiye niliyemtafutia, nikamkalia muuzaji kooni mpaka akatuongezea na kava. Kwanza alikuwa anatuma sauti zake kwenye grupu la ukoo wao. Wiki ya pili mtoto wa ndugu yake akamwandikia kwamba humu tunajadili mambo ya familia, baba. Kuanzia hapo nikawa mimi.

Nilimuuliza kwa nini mimi, ilhali mtaa mzima umejaa wastaafu wasio na shughuli. Akasema sababu ni kwamba sijibu. Wanaojibu, alisema, hujibu kitu kingine. Umewaambia habari ya kisogo, wao wanakuuliza umepimwa presha.

Habari ya kisogo ilikuwa hivi. Wanaokaa safu ya nyuma yako msikitini wanakijua kisogo chako miaka arobaini, na wewe hujapata kukiona hata mara moja. Sasa kati yako na wao, nani mwenye kisogo? Ilinikuta niko juu ya lori la machungwa, natafuta pa kushika, nikajikuta najipapasa nyuma ya kichwa.

Mengi yalihusu redio na televisheni, maana ndiko alikokula maisha yake. Aliwaza kwamba katika tamthilia hakuna mtu anayekwenda haja, hakuna anayetafuta ndala moja chini ya kitanda, na mgonjwa mahututi anafumbua macho na wanja wake. Watu wanatengewa chakula kizuri, mezani kumejaa, simu inalia, wote wanaondoka. Kwa hiyo, mwanangu, nyuma ya kile chombo cha kupigia picha yuko mtu mmoja mnene sana. Aliwaza kwamba msoma habari anakupa kwanza habari kwa ufupi, ukaelewa vizuri, halafu anazirudia kwa urefu mpaka unachanganyikiwa. Aliwaza kwamba kila jioni wanatangaza jua la kesho litachomoza saa ngapi, kana kwamba liliombwa na likakubali. Aliwaza kwamba enzi za simu ya mezani mtu alijua mwenzake yuko wapi, akamuuliza hujambo. Siku hizi tunauliza uko wapi, na hujambo imepotea njiani. Na mtu akiamshwa na simu usingizini, sauti imejaa usingizi, anaapa kwamba hakuwa amelala. Kulala ni kosa gani?

Liko la matangazo ya vifo ambalo nililisikiliza nikiwa nimesimama, na nikakaa. Mtu anaishi miaka sabini Tanga hii, alisema, hajawahi kutajwa redioni hata kwa bahati mbaya. Siku anayotajwa wanamtaja kwa ukamilifu, jina, la baba, la babu, habari ziwafikie ndugu wa Pangani, wa Muheza, wa Mombasa. Wote zinawafikia. Asiyefikiwa ni mmoja tu, mwenye jina.

Nililifuta hilo pia. Lilikuwa la dakika moja na nusu.

Urefu ndio uliotugombanisha. Nilimwambia, Fundi, simu yangu ni duka, si ghala. Tukapatana: dakika moja, isizidi. Nilijisifu siku mbili kwa mapatano yale. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa dakika moja kamili, umekatika katikati ya neno, na nyuma yake mwingine wa dakika moja kamili, na wa tatu. Nilipomfuata akanitazama kwa upole akasema mkataba ulihusu urefu, haukuhusu idadi. Nimepatana na madereva wa lori, na madalali wa Muheza ambao hata kivuli wanakukodisha, sijawahi kushindwa vile.

Msidhani alikuwa mtu wa maneno. Kibandani kwake, mteja alipata matatu: lete, rudi Alhamisi. Nyumbani kwake hamkuwa na redio. Mtu aliyezifungua redio za nusu ya mji huu alikuwa hataki kusikia hata moja baada ya magharibi. Alisema daktari wa meno hali na meno ya watu mezani. Aliilaumu televisheni kwa kila kitu pamoja na uchache wa mvua, na saa mbili usiku ulimkuta barazani kwa muuza maji, ameinamisha kichwa, anasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Alikuwa mchoyo wa chumvi na mkarimu wa muda. Aliwakataza watu kusema uongo, na yeye, kama mtakavyoona, alikuwa nao mmoja aliokaa nao muda mrefu.

Kwenye rafu za kibanda chake zilikuwapo redio ambazo wenyewe hawakurudi. Nyingine zilikaa mpaka karatasi ya jina ikafifia. Hakuziuza, hakuzivunja kuchukua vipuri. Akisikia mwenye redio amefariki, aliitengeneza siku hiyohiyo, akaipanguza, akaipeleka matangani.

Mara moja nilikwenda naye Pangani, mimi nina shughuli zangu za machungwa, yeye amebeba redio kubwa ya mbao ndani ya kanga. Msiba ulikuwa ng'ambo ya mto. Kwenye kivuko akaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Tulipofika, wenye msiba wakatazamana. Mtoto mkubwa wa marehemu akamvuta pembeni akamwambia kwa heshima kwamba kama mzee anamdai marehemu, asubiri arobaini ipite, watalimaliza. Fundi akaiweka redio juu ya mkeka.

"Sidai," akasema. "Aliniachia miaka kumi na moja. Inasema sasa."

Mjane akaomba iwashwe. Ikasema kweli, habari za bei za mazao, sauti safi. Yule mama akaanza kulia na wenzake wakamfuata, wanalia wote juu ya bei ya mahindi. Njiani kurudi nikamwambia Fundi amewaliza watu bure. Akasema hapana, walikuwa na machozi hawana pa kuyaweka.

Asubuhi aliyoanguka mimi nilikuwa Muheza. Saa moja ilipita bila sauti, saa mbili ikapita. Niseme ukweli: nilifurahi. Nilikuwa na magunia ishirini ya kupiga picha na simu ilikwisha andika kwamba imejaa. Nikafuta sauti zake zilizobaki, nikapiga picha zangu arobaini. Nilipofika nyumbani ndipo nikakuta watu uani kwake.

Alikuwa ametoka bafuni, ameishika simu mkononi tayari, akadondoka palepale mlangoni. Simu ikaingia kwenye ndoo. Yeye walimwokoa, simu hawakuiokoa. Waliikaushia kwenye mchele, wakaifungua, wakaifunga, fundi baada ya fundi. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na maneno yote, kikamwachia moja: ngoja. Ukimpa uji, ngoja. Ukimwamkia, ngoja. Akitaka kwenda msalani, akitaka afunguliwe dirisha, ngoja. Halafu anatulia, macho yamekutazama, anatafuta, na wewe unangoja kama ulivyoambiwa, na hakuna kinachokuja.

Binti yake Mwanaidi alihama kutoka kwa mumewe Chumbageni akaja kumuuguza. Baada ya miezi miwili alinifuata nikiwa nafunga magunia, akakaa juu ya moja.

"Dada, nina ombi," akasema. "Yule muuguzi anayemfanyisha mazoezi ya kusema anataka tumsikilizishe baba sauti yake mwenyewe. Anasema wako wanaoifuata. Wanaanza kama wanaimba nyuma yake, halafu neno linatoka."

"Ni jambo jema," nikasema.

"Simu yake ndiyo ile imekufa. Kwenye grupu tuliziondoa. Lakini wewe alikuwa anakutumia kila siku ya Mungu, tena baba alikuwa anajisifu, anasema Mama Machungwa ndiye anayenisikiliza. Nipe hata kumi."

Hapo mtu mwaminifu angesema. Mimi nikafanya kazi ninayoijua, nikaomba muda. Nikamwambia ziko nyingi, zimechanganyika, anipe wiki. Akanishukuru. Akaniombea dua, akaondoka na machungwa mawili niliyompa ya mgonjwa, na mimi nikabaki nimeshikilia kamba ya gunia.

Nilifungua simu pale pale. Mahali pa sauti zake palikuwa na mistari mitupu, mmoja chini ya mwingine, haibonyezeki. Kilichobaki kamili ni majibu yangu. Dole gumba. Dole gumba. Kisura kinachocheka. Dole gumba. Nilishuka nayo mpaka kidole kikachoka. Mimi ninayehesabu machungwa mara mbili, sauti zile sikuwahi kuzihesabu hata mara moja, kwa hiyo siwezi hata kuwaambia nimepoteza ngapi.

Nikaipeleka simu kwa fundi wa simu mjini, mwanamke hodari, inasemekana anarudisha hata vilivyofutwa. Alikaa nayo siku mbili. Akarudisha picha za machungwa. Zile nilizofuta mwenyewe za msimu uliopita, zote, za kazi na za akiba. Sauti, hakurudisha hata moja.

Nikampigia dada yangu Pangani, si kwa matumaini, ila kwa kulalamika. Dada yangu hafuti kitu. Simu yake ina ujumbe wa sikukuu zote tangu aanze kumiliki simu. Akaniambia subiri. Akapekua. Akasema mwaka juzi nilimrushia sauti moja ya mzee anayeongea habari za tamthilia, akacheka na watoto wake. Akanirudishia. Dakika mbili na sekunde kumi na moja. Ilikuwa kabla ya mapatano yetu.

Nikaisikiliza nikiwa nimekaa juu ya ndoo uani, ukuta wake mbele yangu.

Inaanza na maji yanayodondoka kutoka mwilini kwake juu ya saruji. Kisha yeye. Anasema Mama Machungwa, nimewaza. Katika tamthilia hakuna anayeaga kwenye simu. Mtu anasema nakuja, anakata. Sisi huku kukata simu ni kazi ya nusu saa, haya, haya basi, haya wasalimie, haya na wewe, haya. Wale nani aliwalea? Hapo mimi mwaka juzi nilicheka, nikamrushia dada, nikaendelea na safari. Hapo ni sekunde ya hamsini. Sikujua kwamba ziko nyingine.

Sauti inashuka. Anasema halafu nimewaza mimi mwenyewe, mke wangu sikumuaga. Na ile kaseti, unaijua habari ya ile kaseti.

Naijua, mtaa mzima unaijua. Zamani hapa watu waliandikiana barua kwa kaseti. Mwenye ndugu Maskati alijifungia chumbani na redio ya kurekodi, akasema salamu zake zote, akampa anayesafiri. Mama yake Mwanaidi alimsemea dada yake kaseti moja ya namna hiyo, upande mmoja mzima, habari za nyumbani, nani kaolewa, nani kang'olewa jino, na ndani yake Mwanaidi mdogo anasikika akililia sukari. Dada wa Maskati alipofariki, kaseti ikarudishwa Tanga na vitu vyake. Wakati huo mama naye alikwisha tangulia. Ilikuwa ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Kisha ikapotea. Kaka yake Mwanaidi, anayeishi Dar, ndiye aliyeonekana nayo mara ya mwisho, na ingawa aliapa kwamba aliirudisha kwenye kabati, Mwanaidi hakuamini. Ni miaka sita hawasalimiani. Mtoto wa kaka ameoa, shangazi hakwenda.

Sauti ya Fundi inasema hivi, na nayaandika kama yalivyo:

"Haikupotea. Aliirudisha. Mimi niliirekodia juu. Ulikuwa mpira, fainali, mteja aliniomba nimwekee, sikuwa na kaseti tupu. Niliikuta haina jina, nikadhani ya taarabu. Sikuijaribu hata kidogo, mimi, fundi. Dakika tisini za mpira juu ya mama yao. Nikanyamaza, lawama ikamwangukia kijana. Kila siku nasema kesho. Mwanaidi usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Ila hii, mwanangu, nijibu. Nyingine zote usijibu, hii nijibu. Nifanyeje?"

Kisha maji tena, na mwisho.

Nikamuuliza dada tarehe niliyomrushia, nikarudi kwenye simu yangu, nikashuka mpaka siku ile. Nilimjibu. Visura vitatu vinavyocheka, vyenye machozi ya kucheka.

Kesho yake alinitumia kuhusu ndala. Kesho kutwa kuhusu mbu. Hakuniuliza tena. Sasa najua kwamba alikuwa anaamini nimesikia yote na nimecheka, na aliendelea kunitumia.

Jumapili nikaenda. Mwanaidi aliniona nimekuja akashukuru, maana alikuwa na msiba barabara ya tatu kutoka hapo na hakuwa na wa kumwachia baba yake. Aliniuliza mlangoni kama nimezipata, nikamwambia iko moja naisikiliza kama ni nzima. Akasema hata moja inatosha, Ijumaa ndiyo zamu yake ya kliniki na muuguzi amesema wasije mikono mitupu, maana mwezi huu ukiisha muuguzi huyo anahamishwa. Akajitanda, akatoka.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu cha kuazima. Nikamwamkia. Akasema ngoja. Nikavuta kigoda karibu, nikambonyezea sauti yake.

Maji yakadondoka. Alipojisikia akiita jina langu akageuza kichwa kumtafuta msemaji, kisha akaelewa. Kwenye habari ya kuaga simu akacheka, upande mmoja wa mdomo, cheko la pumzi bila sauti. Lakini midomo haikujaribu kufuata chochote. Sekunde ya hamsini ilipokaribia nikaweka kidole tayari kuizima. Akanishika kidole kwa mkono wa kushoto, akakiondoa.

Tukasikiliza wote wawili. Sauti iliposema kaseti, midomo yake ikaanza kutikisika. Iliposema niliirekodia juu, koo lake likapanda na kushuka. Ilipofika mwisho akagonga simu kwa kidole, nikairudia. Mara ya tatu, pale anaposema mama yao, alisema naye. Si vizuri, kama mtu mwenye kokwa mdomoni, lakini alisema. "Mama yao." Machozi yalimshuka jicho moja, la pili haliwezi tena. Nikairudia. Akasema "kijana". Nikairudia. "Kesho." Nilijaribu kumwanzishia ile sehemu ya mwanzo, ya haya basi na haya wasalimie, iliyo nyepesi, watoto wangeiweza. Akaitazama simu tu. Nikaruka mbele, midomo ikaamka.

Nikamwambia, "Fundi, siku ile sikusikiliza mpaka mwisho. Nilicheka kabla. Nisamehe."

Akainua macho kutoka kwenye simu. "Ngoja," akasema.

Nikangoja. Nilingoja mpaka Mwanaidi akarudi na bakuli la wali wa msibani, akatukuta tumekaa, macho ya baba yake mekundu. Akauliza vipi, inafaa? Nikamwambia ina kelele za maji, nampelekea mtu aisafishe. Fundi hakunitazama. Niliporudi kwangu nikaitunza sauti ile kwa dada Pangani, kwa fundi wa simu, na kwenye kadi ya simu niliyoifunga kwenye pindo la kanga. Pamoja na ya simuni mwangu ziko nne sasa. Picha za machungwa nimefuta.

Yule fundi wa simu anaweza kuikata. Nikimpelekea Mwanaidi nusu ya kwanza atafurahi, atacheka, na baba yake atabaki na neno lake moja, kwa sababu kwenye nusu ile hakuna linalomuamsha. Nikimpelekea nzima, huenda maneno yakarudi, lakini ya kwanza binti atakayoyasikia kinywani mwa baba yake yatakuwa hayo, na wakati huo muuguzi yuko mbele yao. Kumwendea kaka yake Dar kwanza nimewaza pia, angalau mmoja aachwe huru na lawama. Lakini hapo nitakuwa nimetoa siri ya mtu asiyeweza kujitetea, na sijui yeye aliponiondoa kidole alikuwa ananiruhusu nini zaidi ya kusikiliza.

Leo ni Jumanne. Kliniki ni Ijumaa. Kushusha bei najua, kuongeza muda najua, na hapa hakuna wa kupatana naye. Mzee huyu aliniomba mambo mawili katika sauti moja, ninyamaze na nijibu. Nyinyi mnaosoma, wenye wazazi na mliowahi kuwa nao, nishaurini: nifanyeje?